Waya Juu ya Barabara Yetu

Mama Lisette alizikwa mwezi uliopita, nami nilipanda ndege Butembo nikashuka uwanja wa Bangboka kwa ajili yake, ingawa magoti yangu siku hizi hayapatani na ngazi za ndege. Kilio kilikuwa mtaa wa Mangobo, katika nyumba ileile ambayo vyumba vyake viwili vya mbele vilikuwa zahanati. Wameondoa kaunta ya dawa, wameweka makochi, na ukutani mahali palipokuwa na kabati la sindano sasa kuna televisheni. Nilipita moja kwa moja hadi nyuma, kwa wanawake waliokuwa wakimenya makemba, zile ndizi za kupika, za kuponda lituma, nikapewa kisu na kigoda. Tulikuwa tunasema habari za marehemu, jinsi alivyokuwa akifokea wagonjwa wanaolia, mwanaume mmoja mwenye mvi alipokuja akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu yangu. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, kama mtu aliyebeba gunia lisiloonekana. "Masika," akasema, "unaniangalia vile hatujuane?" Nilimtambua kwa sauti. Alikuwa Bosongo, mtoto wa marehemu. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa akiishi Kinshasa, na watu walisema hakumtembelea mama yake hata mara moja. Siku ile, kando ya sufuria za makemba, aliniambia jambo moja kuhusu waya. Siwezi kuliandika hapa kabla sijaandika mwaka wenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliishi ng'ambo ya barabara, mkabala na zahanati, kwa Papa Muhindo, ndugu wa baba yangu, aliyekuwa akiuza kwa jumla chumvi, sabuni, samaki wa makayabu na dawa. Mbele kulikuwa na duka, nyuma ya parseli, yaani kiwanja chetu, kulikuwa na depo ya kuwekea mizigo, na katikati vyumba vya kulala vilivyopangana pande mbili za korido ndefu isiyo na dirisha. Nikifumba macho nasikia bado harufu ya korido ile: samaki wa chumvi, sabuni, na asidi ya betri za lori. Papa Muhindo alikuwa mtu wa mkono. Sijui namna nyingine ya kumweleza. Alimpiga Sefu, mlinzi wa depo, kwa sababu ya gunia lililolowa, alimpiga Mama Kavira, mke wake, kwa sababu ya mboga ya pondu yenye chumvi nyingi, na huyo alimpiga kwa kandambili, bila haraka, akirudi kukaa na kumalizia sahani yake. Sisi wengine tuliendelea kula. Ndivyo ilivyokuwa meza yetu: mtu alilia, vijiko vikaendelea. Mimi alinipiga mara mbili tu, nami nilimchukia kama mtu aliyepigwa kila siku. Jioni wafanyabiashara wenzake walikuja kukaa dukani, na kupitia ukuta wa mbao nilisikia mazungumzo yao. Mji ulikuwa mikononi mwa majeshi mawili ya kigeni yaliyokuja kama marafiki. "Hawa batu," sauti moja ilisema, "banakunywa bia moja, lakini kila mutu anashika bunduki chini ya meza." Mwingine alicheka. Papa Muhindo hakucheka. Kesho yake alimwagiza Sefu akope betri mbili zaidi.

Betri zilikuwa za dishi. Phonie, redio ya kuitana, ilikuwa ikisikilizwa na kila mwenye redio, kwa hiyo Papa Muhindo alikuwa ameleta dishi la satelaiti na kompyuta tatu kuukuu, moja ya duka, moja ya depo, na ya tatu aliipeleka zahanati kwa Mama Lisette. Haikuwa huruma. Alitaka kuona kila siku dawa gani inaisha kule, ili yeye awe wa kwanza kuiuza. Waya ulitoka kwenye paa letu, ukapita juu ya barabara hadi nguzo ya umeme iliyosimama kwenye ua wa zahanati, halafu ukaingia kwa dirisha. Katika korido yetu, juu ya sanduku la sabuni, kulikaa mashine ya nne, isiyo na kioo, yenye taa ndogo za kijani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ruta, na zote tatu zilipita kwake. Shida ni kwamba hazikufunguana. Ukikaa dukani ukaandika jina la depo, kompyuta ilifikiri mpaka chai ikapoa. Mvua ikinyesha, ilikataa kabisa. Papa Muhindo alipiga ngumi mezani, kisha akamwita Bosongo, aliyekuwa akitengeneza redio na kila kitu chenye waya. Bosongo alikaa chini kwenye korido, mimi nikimshikia taa, akanieleza, kwa sababu alikuwa mtu asiyeweza kufanya kazi bila kuieleza.

"Unaona," alisema, "kila mashine iko na namba yake. Zenyewe zinaitana na namba tu. Sisi batu tunajua jina. Donc lazima ikuwe mwenye kugeuza jina kuwa namba. Sasa, huyu mwenye kugeuza, banamuweka mbali, ng'ambo. Ukiandika 'depo', swali inapanda juu, inashuka Ulaya: depo ni nani? Na kule banajibu: hatumujue. Wakati depo iko hapa nyuma ya choo!"

"Na mvua ikinyesha?"

"Swali haipande. Mashine inangoja, inangoja, na Papa Muhindo anatafuta mutu ya kupiga."

Tulicheka tukiwa tumeziba midomo. Alichofanya ni kuifundisha ruta yenyewe kugeuza majina. Aliandika ndani yake majina matatu, duka, depo na dawa, na mbele ya kila jina namba ya mashine yake. Kisha akaenda kwenye kila kompyuta akaiambia: kuanzia leo, swali lako la kwanza uliza ruta. Ikijua itakujibu palepale, na isipojua ndipo yenyewe iulize nje. Mwishowe alichomoa waya wa dishi, tukawa hatuna dunia, akaniambia niandike "dawa". Ukurasa wa zahanati ulifunguka papo hapo. Sijasahau furaha ile. Ilikuwa kama kumwita mtu katika nyumba ya giza, naye akaitika kutoka chumba cha pili. Bosongo alikuwa ameweka pia ukurasa mdogo wa kuandikiana, mstari kwa mstari, naye Mama Lisette akaandika kwa herufi kubwa: MASIKA HUYU MUTOTO AMEKULA?

Lakini alikuwa amekosea namba moja. Mbele ya "depo" alikuwa ameweka namba ya zahanati, kwa hiyo Papa Muhindo alipokaa jioni kutafuta magunia yake ya chumvi, alikutana na majipu, pansement za vidonda na mimba za mtaa mzima. Alisoma kimya. Alisimama, akamwita Bosongo jina lake la sikuzote, "mutoto ya pirogue", yaani wa mtumbwi, kwa kuwa watu wake walikuwa wa mtoni, wa Isangi, halafu akampiga kofi kwa mkono mzima. Mdomo wa Bosongo ulipasuka kwenye pembe ya meza. Damu ilidondoka kwenye herufi za kompyuta. Bosongo alivua shati, akafuta herufi moja baada ya nyingine, akaenda korido, akarekebisha namba, akarudi. "Jaribu sasa, Papa." Papa Muhindo alijaribu. Depo ikafunguka. "Bon," akasema, na hilo ndilo neno jema pekee nililowahi kumsikia akimwambia.

Vita ilianza asubuhi, watu wakiwa sokoni. Bomu la kwanza lilifanya kila mtu asimame, la pili likawafanya wakimbie, na baada ya hapo sikuhesabu tena. Tulijifungia kwenye korido, kwa sababu haikuwa na dirisha: Papa Muhindo, Mama Kavira, Sefu na mimi, tumelala juu ya magunia matupu, taa za kijani za ruta zikimulika nyuso zetu. Umeme wa mji ulikufa saa ileile, lakini betri za lori zilikuwepo. Dishi liling'olewa siku ya kwanza. Nilisikia linavyobingirika juu ya mabati kama sufuria. Kwa hiyo dunia iliondoka, na kama Bosongo asingeigusa ile mashine tungebaki bubu. Niliburuta kompyuta ya duka hadi korido, nikaandika "dawa". Ikafunguka. MUKO WAZIMA? aliandika Mama Lisette. Tuko, nikaandika. Na nyinyi? TUKO. USITOKE KABISA. KWENYE BARABARA KUKO BATU BANALALA NA HABAAMUKE. Barabara hiyo nilikuwa nikiivuka kwa kuruka madimbwi mara kumi kwa siku. Sasa ilikuwa mbali kama Kinshasa.

Siku iliyofuata bomu liliangukia depo. Sefu alikuwa amekwenda kule kwa kutambaa, atuletee maji. Papa Muhindo alitoka kabla yetu sote, risasi zikipita, akarudi akimburuta kwa kwapa, na mguu wa Sefu chini ya goti ulikuwa umebaki na ngozi tu. Alikuwa akipiga kelele ambayo bado inaniamsha. Nilirudi kwenye kompyuta. Mguu umekatika damu nyingi, niliandika. Jibu lilikuja palepale. FUNGA JUU YA GOTI. MUKANDA AO KITENGE. INGIZA KIJITI NA UZUNGUSHE MPAKA DAMU IKOME. USIHURUMIE. Mama Kavira alipasua kitenge chake. Kijiti kilikuwa mwiko wa kusongea fufu. Niliposita kuzungusha, Papa Muhindo alinisukuma na kuzungusha mwenyewe, kwa mikono ileile niliyoichukia, huku amemkalia Sefu kifuani asijirushe, akimsemesha kwa Kinande ambacho Sefu hakukijua. Damu ilikoma. SASA MUPE MAJI KIDOGO NA SUKARI, aliandika Mama Lisette, NA UNIAMBIE KILA SAA RANGI YA VIDOLE VYA MUKONO. Nilimwambia kila saa. Sefu aliishi. Hadi leo yuko Banalia, ana mguu wa mti na wajukuu.

Ilikuja asubuhi moja bunduki zikanyamaza. Tulijua hilo si amani. Jeshi moja lilikuwa limeshinda mtaa wetu na sasa lilipita nyumba kwa nyumba. Niliandika "dawa" ili kumpa Mama Lisette habari za usiku. Ruta ilinijibu kama sikuzote: jina ilikuwa nalo, namba ilinipa. Lakini kwenye namba ile hakuna aliyeitika. Nilijaribu tena na tena. Papa Muhindo alichungulia kwa tundu la mlango akasema bomu limekata waya, umelala barabarani. Nilimwona akifikiri. Akaniambia nifunike ruta kwa magunia. Geti lilivunjwa nikiwa bado ninaifunika.

Waliingia watano. Mkubwa wao aliongea Kiswahili laini cha mashariki, bila kupaza sauti, na alikuwa ameshika ncha ya waya wetu mkononi kama mtu anayeongoza mbuzi. Walitutoa nje hadi uani, Sefu wakamwacha mahali alipolala. "Huu waya unaongea na nani?" akauliza. Askari mmoja akatoka ndani amebeba ruta, bado imeunganishwa na betri kwa waya mrefu, taa zake zinamulika, akaitupa chini mbele ya mkubwa wake. "Ni mtambo, afande. Wanaelekeza mabomu." Wakaipiga kwa vitako vya bunduki mpaka taa zikazimika, kisha wakamgeukia Papa Muhindo wakampiga vivyo hivyo. Alianguka, akapiga magoti, akainuka. Nilikuwa sijawahi kumwona akipigwa. Alipigwa kama alivyopiga, bila kelele.

"Nani aliufunga?" mkubwa akauliza. "Hii si kazi ya muuza chumvi. Nipe jina."

Ng'ambo ya barabara dirisha la zahanati lilikuwa limefungwa. Papa Muhindo hakuliangalia hata mara moja. Mimi ndiye niliyeliangalia, nikainamisha macho haraka. Alikuwa na jina mdomoni, jina la kijana aliyemwita mtoto wa pirogue, na kulitoa kungemgharimu pumzi moja tu. Alitema damu. "Andika," akasema. "Muhindo. Kila kintu iko mu hii parseli iko yangu. Hii waya iko yangu. Nilifunga mimi, na mikono yangu. Iko ya antena, ya kusikia habari. Haina mwisho ingine." Akaonyesha mikono yake. Ilikuwa bado na damu ya Sefu kwenye kucha. Mkubwa aliitazama mikono ile kwa muda, kisha akafanya ishara ndogo ya kidevu, wakampeleka nyuma, kwenye ukuta wa depo. Mama Kavira alikwenda nao hatua chache, wakamsukuma akaanguka juu yangu. Mlio ulikuwa mmoja, halafu miwili kwa pamoja. Walipakia chumvi na sabuni mpaka saa sita, wakaondoka na waya wakiwa wameuzungusha begani.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hiyo hivyo: bomu lilikata waya, askari wakaona ncha, Papa Muhindo akafa. Watu waliponiuliza kwa nini alijitwalia kosa, nilisema sijui, na ni kweli. Siku nyingine naamini alimpenda yule kijana kwa namna yake ya mawe. Siku nyingine naamini ni kiburi tu, kwamba hakuweza kuvumilia kusema mbele ya watu kuwa ndani ya ua wake kuna kitu cha mtu mwingine. Mwezi uliopita, kwenye kilio, nilimsimulia Bosongo maneno yale ya uani, nikidhani alikwisha kuyasikia. Hakuwa ameyasikia. Alikaa juu ya kinu, mikono kati ya magoti.

"Bomu haikukata waya," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwa hapo. Ni Mama njo alikata. Aliona basoda na bunduki kule kwa kona, banatoa mutu mu nyumba kwa sababu ya radio tu. Alichukua makasi ya pansement, akapanda kigoda, akakata kwenye nguzo. Akavuta kipande yetu, akaingiza mu jiko, akawasha moto." Alingoja wanawake wapite na beseni. "Ile ingine ikaanguka upande yenu. Nilimwambia, Mama, umeua bale batu. Nikataka nitoke niseme ni mimi. Alinipiga na mwichi ya kinu, hapa." Akagusa bega lililoshuka. "Mufupa ikalia. Nikaanguka, akanikalia, akaniziba kinywa na mukono. Nilisikia bunduki na mukono yake mu kinywa yangu, Masika. Nilimuuma mpaka kwa mufupa. Hakuitoa."

"Papa Muhindo alijua ni wewe," nikamwambia. "Alijua waya inaenda wapi. Hakutaja."

Nilidhani itampunguzia. Alitikisa kichwa polepole. "Njo mubaya zaidi," akasema, akasimama akaenda kusaidia kupanga viti.

Nilibaki na kisu na ganda la kemba mkononi. Kupitia mlango niliona jeneza na miguu ya watu waliolizunguka. Mwanamke yule alikuwa ameokoa maisha ya Sefu kwa waya, na kwa waya uleule akatuachia kifo getini, na kama asingefanya hivyo wangefuata ncha zote mbili na kuua watu wa nyumba zote mbili. Nimelipima hilo kila siku tangu nirudi, na halitulii upande wowote. Kaburini nilitupa udongo kama wengine. Bosongo alitupa wa mwisho, kwa mkono wa kulia.

Lakini kitu kilichonirudia pale makaburini ni chumba cha Mama Kavira, jioni ya siku ile ya risasi, na sasa nakiona tofauti. Tulikuwa tumemleta Papa Muhindo ndani kwa mlango wa depo uliong'oka. Mama Lisette alivuka barabara, wa kwanza katika mtaa mzima kuivuka, amevaa koti lake jeupe, amebeba spiriti, pamba na sindano. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kinene. Alisema amekatwa na chupa. Hakulia, hakutoa pole. Alipiga magoti akaanza kushona majeraha, moja moja, vizuri, kana kwamba marehemu angeamka na kulalamika kazi ikiwa mbaya. Mama Kavira alimwosha mume wake uso. Jicho lake mwenyewe lilikuwa bado na weusi wa kandambili ya juma lililotangulia. Mimi nilishika beseni. Uzi ulisikika ukipita kwenye ngozi.

"Lisette," Mama Kavira akasema mwishoni, bila kuinua kichwa, "huyu bwana alinipiga tangu siku ya ndoa. Na leo amekufa kama mwanaume ya kweli. Sasa mimi nilie yupi?"

Sindano ilisimama. Mama Lisette aliiangalia, mkono wake uliofungwa ukiwa juu ya kifua cha maiti, na damu mbichi ikaanza kupenya kwenye kitambaa. Nilitaka sana ajibu, kwa sababu hata mimi sikujua.

"Masika," akasema, "maji imekuwa nyekundu. Leta ingine."

Nilitoka nikaleta.